Shali ya Pembetatu

9 Januari

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama na kwa shemeji. Sisi huku hatujambo, tukiacha yale madogo madogo. Wifi yako goti linamsumbua akipanda ngazi, ila mdomo haumsumbui hata kidogo, na anakusalimu. Binti yetu kapata kazi ya ukarani kwenye ghala la saruji. Jioni anarudi mweupe kichwani na kwenye nyusi, halafu ananiambia mimi ndiye ninayezeeka. Gari langu la kazi limekataa kurudi nyuma, kwa hiyo siku hizi kabla sijaegesha nafikiria kwanza nitaondokaje.

Asante kwa kunieleza habari ya simu. Sikujua kwamba Mama akisikia sauti yangu anaanza kunitafuta nyuma ya pazia na ndani ya kabati. Basi nitaandika kama ulivyoshauri, nawe utamsomea. Umenifurahisha uliposema kila ukimsomea barua kwake inakuwa mpya. Sijawahi kupata msikilizaji wa namna hiyo maishani, na fundi friji huongea na watu wengi. Nitajitahidi mizaha iwe ya kuvumilika, maana atakayeirudia ni wewe.

Sasa kaa chini. Nimeanza kufuma.

Usicheke kwanza. Mwezi uliopita wifi yako alinikokota hadi zahanati kupimwa presha. Daktari, kijana ambaye nadhani bado ananyolewa na mama yake, akasema presha iko juu na nitafute kitu cha kunituliza ambacho si chakula. Nikarudi kwenye benchi kungoja kupimwa tena. Pembeni yangu alikuwa mama mmoja anafuma kwa sindano ya kroshia. Donge lake la uzi likamponyoka, likabingirika mpaka kwenye kiatu changu. Nikaliokota, nikabaki nimelishika. Dada, ile harufu ya sufu mpya. Mara niko sebuleni kwetu, mtoto wa miaka saba, nimenyoosha mikono miwili mbele kama mfungwa, uzi umenizunguka viganjani, Mama anauvuta na kuukunja donge, na mimi nimekatazwa kujikuna pua. Nilikaa pale na donge la mwenyewe mpaka nesi akaniita mara ya tatu. Nilipopimwa, presha ilikuwa imeshuka. Daktari akajipongeza.

Sindano nimejitengenezea. Kuna fimbo nyembamba za shaba tunazoyeyusha kuungia mabomba ya friji. Nimechukua moja, nikaipiga tupa, nikaichonga ndoana kwenye ncha, nikaisugua kwa msasa mpaka ikateleza. Ni sindano nzuri kuliko chochote nilichofuma nayo, kwa kuwa bado sijafuma kitu. Natengeneza mnyororo mrefu wa vitanzi, naufumua, natengeneza mwingine, na saa inakwenda sijui imekwenda wapi.

Nataka kumfumia Mama shali. Nataka iwe sasa, wakati bado akiambiwa imetoka kwa Bonge anajua Bonge ni nani. Nifundishe. Wewe alikufundisha. Mimi alinifukuza, eti vidole vyangu vina sukari, na kusema kweli vilikuwa nayo.

Umesema nije kumwona. Nitakuja. Ila sasa joto limechachamaa, mafriji ya mtaa mzima yanakata roho, na fundi ndiye mimi.

Ndimi mdogo wako,
Bonge


1 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma peke yangu kwanza, kisha nikamsomea Mama mara nne, na huyo daktari anayenyolewa amemchekesha mara zote. Shemeji yako mzima. Tangu astaafu amejipa kazi ya kunisimamia nikipika, na hana likizo. Mpe wifi pole ya goti, alifunge bendeji na aache kupanda ngazi kwa hasira.

Mama hajambo. Anakula. Anatembea hadi getini na kurudi. Hayo ndiyo ya Mama.

Habari ya kufuma imenichekesha mpaka shemeji yako akaacha kipindi chake cha redio kuja kuuliza nani amefariki, kwa jinsi nilivyokuwa nafuta machozi. Wewe, uliyekuwa unafungiwa kamba za viatu na mimi mpaka darasa la tatu! Lakini nimefundisha hesabu vichwa vigumu kuliko chako, kwa hiyo soma taratibu.

Kwanza, acha kukaza. Sijaona kazi yako lakini najua unakaza. Uzi si boliti. Kitanzi kiachiwe nafasi, sindano iingie na kutoka bila ugomvi. Halafu ukifika mwisho wa mstari, usigeuze papo hapo. Fuma vitanzi vichache vya mnyororo kwenda juu, kama mtu anayepanda ghorofa ya pili, ndipo urudi ulikotoka. La tatu lisome mara mbili. Kitanzi cha mwisho cha kila mstari hujificha. Hujikunja pale pembeni kama mtoto asiyetaka kuitwa ubaoni. Ukikiacha, mstari unaofuata umepungua, na unaofuata huo umepungua tena. Hesabu, Bonge. Kila mstari, hesabu.

Unaukumbuka ule uzi wa njano? Ulianza ukiwa sweta yangu. Nilipoota mabega, Mama akaifumua, ikawa kitambaa cha kufunikia redio. Redio ilipokufa, kitambaa kikawa kofia yako, ile iliyokuwa inakuwasha, ukaipoteza kwa makusudi, jirani akairudisha. Ulilia siku iliporudi kuliko siku yoyote. Baadaye ikawa mito miwili ya kiti. Nyumbani kwetu kitu kilichopinda hakikutupwa wala hakikuhurumiwa, kilirudishwa kwa Mama kikawa uzi. Nikikosea hakunigombeza. Alichukua kazi yangu ya wiki nzima, akatafuta ncha, akavuta, prrr, yote ikalala mapajani pake, akanirudishia donge. Nilikuwa namchukia kwa muda wa chakula kimoja. Leo nikiikumbuka ile sauti natamani niisikie, na usiniulize kwa nini.

Mimi sijashika sindano tangu Mama alipoiweka chini. Alipoacha, nikaona na mimi basi.

Hujasema utakuja lini. Umesema utakuja tu.

Dada yako


26 Februari

Dada Mwalimu,

Habari za huko? Huku tumshukuru Mungu. Goti limepata nafuu kwa bendeji, na hasira ya ngazi wifi yako kaihamishia kwangu, kwa sababu uzi umefika mpaka kitandani. Binti yetu anasema wenzake kazini wana baba wanaocheza bao na wanaokunywa, yeye ana baba anayehesabu vitanzi.

Shali nimeimaliza.

Sikujua kuna raha duniani ambayo haina chakula ndani yake. Nikishafungua friji la mtu na kungoja barafu iyeyuke, zamani nilikuwa natazama maji yakidondoka na kuwaza bili. Sasa nageuza kreti, nakaa, natoa sindano mfukoni. Mara ya kwanza mwenye bucha wa jirani na karakana aliponikuta hivyo, alisimama mlangoni, kisha akaniuliza taratibu kama nimefiwa. Nikamwambia nafuma. Akauliza nani kanilazimisha. Kesho yake akaja tena, friza lake zima kabisa, akaja kuangalia. Siku hizi anakuja na kiti chake. Juzi kanigusa bega akaninong'oneza, eti nimwelekeze duka la nyuzi, ni kwa ajili ya mke wake. Mke wake namjua, Dada. Ana mashine mbili za kushonea na hana shida ya uzi.

Niseme ukweli kuhusu umbo. Haikutoka mraba sawasawa. Ilianza pana, unaweza kumfunika mtu mzima, kisha ikawa inapungua, inapungua, na huko mwisho unaweza kuivalisha kidole. Wifi yako anaiita bendera. Mimi naiita mtindo. Nilihesabu, naapa, ila mwenye bucha alikuwa anaongea. Nilipogundua ilikuwa imeshafika katikati, na sikuwa na moyo wa kufumua. Kila mstari nilikuwa nakumbuka nilikuwa nawaza nini nilipoufuma. Mmoja nilikuwa nawaza Mama alivyokuwa anakaa upande wa dirisha, mguu mmoja kaukunjia chini yake, anafuma bila kuangalia mikono, anatuangalia sisi.

Naongeza hapa chini: mzigo nilimpa dereva wa basi leo asubuhi, na barua hii ilikuwa iwemo humo. Nimeikuta mchana juu ya friji la mteja, imelowa pembeni. Kwa hiyo inakuja kwa posta na mzigo utakuwa umetangulia. Si kitu. Utaifungua mwenyewe utajua. Mvalishe Mama mabegani, halafu umwambie Bonge ameifuma kwa mkono wake, kitanzi kwa kitanzi. Kisha uniandikie amesema nini. Neno kwa neno, usinipambie.

Bonge


5 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini mu wazima wote. Sisi hatujambo, shemeji yako ana mafua na anayasimulia.

Mzigo wako dereva amenikabidhi Jumanne. Hukuweka barua, lakini haikuhitajika, nilipofungua tu nikaelewa. Nikasema, huyu mtoto hajasahau nyumbani. Kitu kimepinda, kimemshinda, amekirudisha kwa Mama.

Bonge, sijui nianzie wapi. Nilimwekea mapajani pale kwenye kiti chake. Akakigeuza, akakinusa, akapitisha kidole ukingoni, na kabla sijamaliza kuvuta kiti changu alikuwa ameshaipata ncha. Akavuta. Ile sauti, prrr, mstari mzima. Akacheka. Akavuta mwingine. Alifumua asubuhi yote, akakataa chai, akawa anaimbaimba kitu kisicho na maneno. Mimi nilinyoosha mikono kama wewe ulivyokuwa unafanya, akanizungushia uzi, akaukunja donge moja gumu la duara, wala mkono haukutetemeka. Tangu hapo halitoi mkononi. Analala nalo. Ni muda mrefu sijamwona hivyo, na nimekaa jikoni nikakuombea dua.

Aliuliza uzi umetoka kwa nani. Nikamwambia kwa Bonge. Akasema huyo ni mtu mzuri.

Lakini niambie, kile kitu alikifuma nani? Kama ni binti yako, mwambie asikate tamaa, kila mtu huanza hivyo. Kama ni wewe, siku nyingine fumua mapema. Usingoje mpaka kifikie ukubwa ule.

Sasa turudi kwenye shali yenyewe. Umefika wapi?

Dada yako


17 Machi

Dada,

Pole kwa mafua ya shemeji, najua unayaugua wewe zaidi yake. Sisi hatujambo. Barua yako wifi yako aliisoma kabla yangu, kisha akakaa kimya mpaka jioni, jambo ambalo halijatokea tangu tuoane, nikadhani ni msiba.

Ndiyo, uzi. Nilijua atafurahi. Vizuri sana.

Aliyekifuma ni mtu mmoja anajifunza. Nitamfikishia salamu zako.

Kuna barua nyingine nilikuandikia mwezi wa pili, bado iko njiani huko ilikolala. Ikifika usihangaike kuisoma. Ina mambo ya bili za wateja na nilikuwa nimechoka. Iweke tu, au uwashie jiko.

Shali nimeanza. Yaani nimeanza hii ya sasa. Uzi wa kahawia, mzito kidogo. Safari hii mwisho wa kila mstari nasimama, nakitafuta hicho kitanzi kinachojificha, nakiona, nakiambia shikamoo. Mwenye bucha ameshaacha kumsingizia mke wake. Anafuma kamba ndefu ambayo haijui inakwenda wapi, na anaringa kwa sababu ya kwake imenyooka kuliko kazi yangu. Tunakaa wawili pale karakana, wanaume wenye matumbo, tunahesabu vitanzi. Siku zingine nahisi tumekaa sebuleni kwetu kabla ya redio kufa.

Kwani alisema hivyo hivyo, mtu mzuri? Hakusema neno jingine?

Usijali, si lazima ujibu hilo. Joto limepungua huku, ni kweli, lakini sasa ni mvua, umeme unakatika, na ukirudi unarudi na nguvu ya kuunguza kompresa. Sioni nitakavyotoka kabla ya mwezi wa sita.

Bonge


3 Aprili

Mdogo wangu,

Nisamehe leo sitaanza na habari za watu. Wote tuko hai.

Barua ya mwezi wa pili imefika jana, ina mihuri ya posta kama pasi ya baharia. Uliniambia nisiisome. Ungekuwa unanijua ungejua.

Nimeisoma nimesimama getini. Nikaingia ndani nikamtazama Mama na lile donge lake, nikaona aibu mpaka nikaenda kufua nguo zilizokuwa safi. Kazi yako ya mwezi mzima, Bonge, na mimi ndiye niliyemwekea mapajani afumue. Na nikamnyooshea mikono nikashangilia. Halafu nikakuandikia "fumua mapema". Shemeji yako nilipomweleza alijaribu kutocheka kwa heshima yangu, akashindwa, nami nikashindwa, tukacheka mpaka nikalia kabisa, kwa sababu nilikuwa na la kulilia.

Ukiujibu ukurasa huu, jibu kwenye karatasi ya peke yake, nisije nikamsomea Mama. Uliniuliza kama alisema neno jingine. Hakusema. Sasa ni zamu yangu kusema, maana nimekuandikia "Mama hajambo, anakula" kama ninajaza daftari la mahudhurio. Mama hanijui mimi. Ananiita Mwalimu. Ananishukuru kwa kumpa chumba, na anauliza kama wenye nyumba hawatakasirika. Jina lako hajalitaja mwenyewe tangu mwaka jana. Barua zako zinamchekesha kwa kuwa zinachekesha, si kwa kuwa ni zako. Wakati ulipoandika kwamba unataka shali imfikie angali anajua Bonge ni nani, tulikuwa tumeshachelewa, nami sikuwa na ujasiri wa kukuambia. Nilikuacha ufume.

Na wewe acha kunidanganya na joto, mara mvua, mara gari halirudi nyuma. Huku huji kwa gari lako, unakuja kwa basi, na basi linakwenda mbele. Unaogopa kuingia mlangoni akakuuliza wewe nani. Ni hilo tu. Najua, kwa sababu mimi huulizwa kila asubuhi, na kila asubuhi kabla ya kufungua mlango wa chumba chake nasimama kwanza.

Kwa hiyo usinitumie shali. Njoo.

Dada yako


12 Aprili

Dada,

Umesema kweli, yote. Nimemsomea wifi yako kwa sauti na nimeshindwa kufika mwisho, akamalizia yeye.

Nilikuwa nawaza kwamba nisipokuja, basi huko kwenu bado mimi ni mwanawe. Ni mawazo ya kitoto kwa mtu mwenye tumbo hili.

Usijilaumu kwa ile bendera. Asubuhi ile moja aliyofumua na kuimba imenilipa kuliko ningeandikiwa amesema ni nzuri.

Nimekata tiketi. Nakuja wiki ya pili ya Mei. Kreti langu na wateja nitamwachia mwenye bucha, hajui chochote cha mafriji lakini ana sura ya kuwatuliza watu.

Bonge


21 Mei

Dada yangu,

Nimefika salama juzi. Wifi yako amenipokea vizuri, kisha akaniuliza umekula nini huko umenenepa, kwa hiyo asante kwa mapishi na umshukuru msimamizi. Mwenye bucha ameniachia karakana ilivyokuwa, ila amewaahidi watu watatu mambo yasiyowezekana.

Nakuandikia mapema hivi kwa sababu kuna jambo sikukuambia pale kituoni. Nilifungua mdomo mara mbili, basi likawashwa.

Siku za kwanza uliziona mwenyewe. Uliona nilivyoingia, akanitazama, akatazama mkoba wangu wa vifaa, akakugeukia wewe akakuambia fundi amekuja. Mkoba huo nilikuja nao kwa mazoea tu, mtu wa kazi hajui kusafiri mikono mitupu. Nikasema ndiyo, Mama, nimekuja. Ukanikuta jikoni nimeinamia friji lako, ukadhani lina ubovu. Halikuwa na kitu. Nilikuwa natafuta mahali pa kuingiza uso. Na siku zote tatu akawa ananiita Fundi, ananiuliza kama nimekula, ananionya nisije nikapigwa shoti, nami najibu. Nikajiambia basi, kama nimeajiriwa, nifanye kazi. Nikakaza bawaba za mlango wake.

Sasa asubuhi ya mwisho, ulipokwenda na shemeji kuchukua dawa zake, nilikaa naye pale upande wa dirisha. Ile shali ya kahawia ilikuwa imebaki kidogo tu. Nikaitoa nikaendelea. Nikahisi ananiangalia, si uso, mikono. Akasogeza kiti. Akasogeza tena. Kisha akanishika kidole kidogo cha mkono wa kushoto, akachukua uzi, akauzungusha pale mara moja, akaupitisha juu ya kidole cha shahada. Akasema, "Upite hapa, Fundi. Usiuvute. Utakuja wenyewe."

Dada, miaka hamsini na mbili nimeishi, ndiyo mara ya kwanza kanifundisha.

Uzi ukaja wenyewe, kweli. Nilikuwa nauvuta kama naburuta kompresa kumbe unataka kidole tu. Tukafuma hivyo, mimi nafuma, yeye kashika donge analilegeza kidogo kidogo ili lisinikabe. Nikikosea ananipiga kofi dogo mgongoni mwa kiganja, nami narudia. Jua lilikuwa limemwangukia mapajani. Kama kuna mtu angepita nje akachungulia, angeona mama anamfundisha mwanawe, asingeona kosa lolote katika picha ile.

Tukamaliza. Akaitandaza mezani, akaipapasa kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni, pembe zote nne. Akaniuliza, "Una mama, Fundi?"

Nikasema ninaye.

"Yuko mbali?"

Nikamwambia hapana, si mbali sana.

Akaikunja mara mbili, vizuri, akanisukumia. Akasema, "Mpelekee. Usimpe mtu, watu wanasahau. Peleka mwenyewe, umvalishe."

Nikaichukua, nikasimama, nikatoka nje. Nikavuta mlango nyuma yangu. Nikasimama pale koridoni, pale ambapo nadhani na wewe husimama kila asubuhi. Sijui nilikaa kiasi gani. Kisha nikapiga hodi.

Akasema karibu, kwa sauti ile ya kupokea wageni.

Nikaingia. Nikamwambia, "Shikamoo, Mama. Nimekuletea shali."

Akaipokea kama hajapata kuiona. Akaipapasa. Nikamvalisha mabegani, ikamfika viwikoni, sawa pande zote. Akajitazama kushoto, akajitazama kulia. Akanishika uso kwa mikono miwili akasema, "Asante, mwanangu."

Najua, Dada. Najua unachotaka kuniambia. Kila mzee humwita kila mtu mwanangu, hata muuza magazeti, na pale kituoni uliniambia ameshakuuliza hiyo shali ni ya nani. Nimejiambia hayo yote njia nzima ndani ya basi. Lakini neno hilo nilikuwa nimeshalipokea, na silirudishi.

Bonge